Mashine Iliyolelewa Vizuri Mno

Jicho la pimangozi, mashine ya kupima ngozi, lilishuka taratibu kutoka darini, likasimama kiganja kimoja juu ya mgongo wa Mzee Mbwana Kidundo, likaanza kusoma. Mwanga wake wa zambarau ulipita mabegani, ukateremka na uti wa mgongo, ukazunguka kiuno, kisha ukaenda kwenye viwiko na magoti, kule ambako soriasisi, ule ugonjwa wa magamba, hupenda kupiga kambi. Jicho lilihesabu wekundu, likapima unene wa ngozi, likatafuta magamba hata yale madogo kuliko chembe ya unga, na mwisho likayajumlisha yote kuwa namba moja. Mhandisi Tunu Mhina alikuwa amesimama pembeni akitazama kioo cha ukutani. Namba ikajiandika: sifuri.

"Sifuri, mzee wangu," alisema Tunu.

"Ndiyo kusema?"

"Ndiyo kusema jicho limetafuta, limekosa."

Mzee Mbwana alicheka kicheko kifupi, akajiinua, akaitazama mikono yake mbele na nyuma. Ilikuwa mikono ya kawaida ya mtu mzima, yenye mishipa na makovu ya zamani. Akalivuta shati lake.

Watu wamekuwa wakiusingizia ugonjwa huu tangu enzi na enzi. Wamesema unaambukiza, wakasema ni uchafu, wakasema ni laana ya ukoo. Si kweli hata moja. Ni askari wa mwili wenyewe wanaokosea adui, wakaishambulia ngozi na kuiharakisha, hata kazi ya mwezi mzima ikafanyika kwa siku chache, na ngozi mpya ikarundikana juu ya ngozi ambayo bado haijaondoka. Katika Kituo cha Ngozi cha Nuru Njema, pale Tanga, dawa yake ilikuwa shuka-tiba, shuka jepesi lililofumwa kwa nyuzihai. Mgonjwa alijifunika, akalala, na nyuzi zile zilinusa mahali askari walipokuwa wanafanya fujo, zikawatuliza hapo hapo bila kugusa mahali pengine.

Lakini ngozi si mtu. Wakuu wa kituo walilijua hilo, ndiyo maana kila mgonjwa aliyetoka kwenye pimangozi alipelekwa mbele ya mashine ya pili, Pimamaisha, ambayo kazi yake ilikuwa kuuliza maisha yanakwendaje. Namba zote mbili zikiwa nzuri, mgonjwa alihesabiwa amefaulu na jalada lake likafungwa. Ya pili ikiwa mbaya, alipelekwa kwenye tiba ya pili, chumba cha washauri waliofundishwa kumsaidia mtu kurudi kwa watu. Ajabu ni kwamba chumba hicho, tangu kifunguliwe, kilikuwa kikikaa kitupu. Washauri walikuwa wakifuma vitambaa.

Pimamaisha ilikuwa kazi ya mikono ya Tunu. Kwa macho ilikuwa kisanduku tu cha mbao ya mvule, lakini sauti yake ilikuwa ya kijana aliyelelewa, na wagonjwa walikwisha ibandika jina: Mjukuu.

"Shikamoo, babu," ilisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Wiki hii ngozi imekuwasha, au imekuuma?"

"Hata kidogo. Namshukuru Mungu."

"Imekuzuia kazi, au matembezi?"

"Namshukuru Mungu."

"Na kukaa na jamaa na marafiki?"

"Tunashukuru, mwanangu."

"Alhamdulillahi. Ahsante, babu, nisikuchoshe."

Ikaandika sifuri ya pili. Mzee Mbwana akafunga vifungo vya mikono ya shati, kimoja kimoja, mpaka kwenye vifundo, na joto la Tanga siku ile lilikuwa la kuvua hata ngozi. Tunu aliona. Akadhani ni unadhifu wa wazee.

Usimlaumu haraka. Tunu alilelewa Muheza na bibi yake, na bibi huyo alikuwa na mambo mawili asiyoyavumilia: mbuzi kuingia jikoni, na mtoto kumuuliza mkubwa swali moja mara mbili. "Ukimuuliza tena umemwita mwongo," alikuwa akisema. Basi Tunu alipoitengeneza mashine yake aliipa malezi aliyopewa yeye. Mtu akishukuru, itikia, ondoka hapo, usichimbe. Aliona fahari. Mashine za miji mingine zilikuwa zinawahoji wagonjwa kama polisi, na ya kwake ilikuwa inawaamkia. Na matokeo ya Tanga yalikuwa mazuri kuliko ya mahali pengine popote.

Matokeo hayo ndiyo yaliyomfanya mkuu wa kituo, Daktari Kiando, aandae sherehe. Mabango yalikwisha tundikwa. Mzee Mbwana ndiye aliyechaguliwa kupanda jukwaani kama mfano wa aliyepona kabisa, na Tunu akatumwa nyumbani kwake kumwalika kwa heshima.

*

Gari-hewa lilimshusha Ngamiani, barabara ya kumi na nne. Kuta za nyumba zilikuwa zimepakwa rangi inayokunywa jua na kuwasha taa, na kifagiaji cha mtaa, roboti mnene asiye na haraka, kilikuwa kinabishana na kuku mmoja juu ya nani apishe. Mbele ya nyumba ya Mzee Mbwana turubai lilikuwa linafungwa.

"Hodi!"

"Karibu, karibu ndani!" Bi Saumu, mke wa mzee, alitoka huku anafuta mikono kwenye kanga. "Umekuja wakati mzuri, mwanangu. Ijumaa tunamwoza Shani."

Shani alikuwa binti yao wa pekee. Alikuwa amekaa mkekani akichambua iliki pamoja na mashangazi wawili, na walimvuta Tunu akae nao kabla hajaeleza lililomleta. Wakaulizana habari za kwao, za kazi, za safari, za afya, na zote zilikuwa nzuri. Mzee Mbwana alikuja mlangoni akapokea shikamoo yake, akasema habari zake pia ni nzuri sana.

Chakula kikaiva. Bi Saumu akapakua sinia la wanawake, akapakua sinia la wanaume lililopelekwa barazani kwa Athumani, mdogo wake mzee, na vijana waliokuwa wanafunga turubai. Kisha akachukua sahani moja ya bluu, akapakua humo, akaifunika.

"Kuna mgonjwa ndani?" Tunu aliuliza.

"Hii? Ya mzee."

"Kwani hali pamoja na wenzake?"

"Amezoea hivyo," alisema Bi Saumu, na mkono wake uliokuwa umeshika kifuniko ukasimama. "Tangu zamani. Magamba yalikuwa yanamwangukia, akaona haya kuinama juu ya sinia la watu. Hakuna aliyemfukuza. Alijitoa mwenyewe, nami nikamzoesha." Akaitazama ile sahani kwa mshangao. "Na sasa amepona, sivyo? Mbona bado napakua?"

Shani aliinamia iliki zake. "Na Ijumaa hatashika mkono," alisema polepole.

Tunu alielewa maana yake. Katika kufunga ndoa, baba wa bibi harusi hukaa mkekani uso kwa uso na bwana harusi, akaushika mkono wake wa kulia, na katika kushikana huko akatamka maneno ya kumwoza. Baba akitaka, humweka mtu mwingine awe wakili wake.

"Amempa ba' mdogo Athumani," aliendelea Shani. "Watu watasema ni sawa, maana inaruhusiwa. Na ba' mdogo nampenda. Lakini mimi nilitaka baba yangu, dada. Nimemwambia, akanijibu tumshukuru Mungu tumefika siku hiyo. Sasa ukishaambiwa hivyo utasema nini tena?"

Tunu akalirudisha tonge siniani. Maneno hayo hayo mashine yake ilikuwa imeyaandika sifuri.

*

Baada ya chakula Mzee Mbwana alimwita Tunu barazani kwa kahawa. Turubai lilikuwa limekwisha fungwa na vijana wamekwenda zao. Tunu akatoa mwaliko wa sherehe, na mzee akaupokea kwa adabu zote.

"Kituo chenu kimenitendea wema mkubwa," alisema. "Sitausahau. Usiku nalala, mwanangu. Wewe hujui maana ya mtu kulala asijikune."

Tunu alikuwa anaaga. Alikwisha vaa kiatu kimoja. Lakini moyo ukamkataa, akakivua, akakaa tena, akafanya kosa ambalo bibi yake asingemsamehe.

"Mzee wangu, habari za hapa nyumbani?"

Mzee akamtazama. "Si umekwisha niuliza?"

"Nauliza tena."

Kikombe kilizunguka mkononi mwake kwa muda. Kifagiaji cha mtaa kilipita, kuku akakifuata.

"Nzuri," alisema. "Namshukuru Mungu." Akanyamaza. Tunu naye akanyamaza, akanywa kahawa iliyokwisha poa. "Ila mkono huu, mwanangu. Mkono umepona. Mimi ndiye bado sijauamini."

Kisha akaeleza, na alipoanza hakusimama. Siku ya ndoa yake mwenyewe alikaa mkekani mbele ya baba yake Saumu, naye akiwa kijana na viganja vimepasuka na kumenyeka. Mkwe wake alitoa mfukoni leso iliyotariziwa, akaizungushia mkono wake mwenyewe, ndipo akamshika. Waliokuwapo walidhani ni pambo, wengine wakaisifu ile leso. Saumu hakujua, mpaka leo hajui. Tangu siku ile alichagua kazi ya kuendesha garimoshi la sumaku la mizigo, Tanga kwenda Arusha, kwa sababu dereva wake hukaa peke yake na hapeani mkono na mtu. Alistaafu akisifiwa kwa uaminifu.

"Huyu Idrisa anayemwoa mwanangu ni kijana mwema," alisema. "Lakini uso una lake. Akikunja uso kidogo tu, hata bila kupenda, nitauona. Na Shani atauona. Sitaki aingie kwenye ndoa na kitu kama hicho. Bora Athumani."

"Mbona hukumwambia Mjukuu haya?"

Mzee akatabasamu. "Kijana wa watu ananiamkia vizuri, ananiuliza, namshukuru Mungu kwanza kama inavyopasa. Kabla sijafungua kinywa tena ananiambia, 'Nisikuchoshe.' Nami nisimchoshe."

*

Tunu alirudi kituoni akajifungia na sauti zilizohifadhiwa. Mwanzoni aliona aibu, kisha akaona hofu. Mgonjwa baada ya mgonjwa alishukuru, akavuta pumzi, na katika pumzi ile Pimamaisha ikasema alhamdulillahi ikaenda kwenye swali jingine. Mama mmoja alikwisha sema "lakini mjukuu wangu," na mashine ikamuaga kwa upole. Kijana mmoja alianza habari ya kuacha ugolikipa, akakatizwa kwa heshima zote. Wote hawa majalada yao yalikuwa yamefungwa, wote walikuwa wamefaulu. Kwa watu wa kwao kushukuru ni mlango wa mazungumzo, na yeye, mtoto wa hapo hapo, alikuwa ameifundisha mashine kuufunga mlango huo kila ulipofunguliwa. Mgeni angeweza kusamehewa. Tunu alilia bila kujizuia.

Daktari Kiando alimsikiliza amesimama, mkono mmoja umeshika bango la sherehe.

"Unataka kuniambia namba zetu ni za uongo."

"Za ngozi ni za kweli, daktari. Ngozi zimepona, na hilo ni jambo kubwa. Za maisha hatukuzipima. Tulipima adabu."

"Wangapi?"

"Sijui. Ndiyo maana naomba tuwaite wote, tuwaulize upya."

"Wageni wanatoka Dodoma, Tunu! Mabango yametundikwa!"

"Mzee Mbwana ukimpandisha jukwaani atasema anamshukuru Mungu, na wote watapiga makofi. Kisha atarudi nyumbani kula peke yake."

Daktari naye alikuwa na baba. Mwishowe aliliviringisha lile bango, akaliegemeza kabatini kama mtu anayelaza mtoto. "Wageni nitawaambia nini?"

"Waambie hatujamaliza."

"Watacheka."

"Wacheke," alisema Tunu, na kwa mara ya kwanza siku ile naye akacheka.

Kuifundisha upya Pimamaisha hakukuwa kazi ndogo, kwa kuwa mashine ni rahisi kuifundisha kusema kuliko kunyamaza. Tunu aliifundisha kukaa, kama mgeni asiye na safari. Iulize habari za nyumbani, za watoto, za kazi, kisha irudi ilikoanzia. Mtu akishukuru, ishukuru naye, halafu ingoje. Matokeo yaliporudi, Tanga ilishuka kutoka juu kabisa hadi nusu ya chini ya orodha ya miji, na washauri wa tiba ya pili wakaweka chini vitambaa vyao, maana chumba kilijaa hadi ukumbini. Yule mama aliyekatizwa kwenye "lakini mjukuu wangu" alipoulizwa upya alisema kwamba mjukuu huyo hajawahi kumbeba, na mtoto alikwisha anza kutembea. Hicho ndicho kilichopotea wakati namba zinang'aa, na hakuna shuka la kukirudisha.

Mzee Mbwana alikuwa wa kwanza kuitwa, kwa sababu Ijumaa ilikuwa inakaribia. Tunu, kwa akili za kihandisi, alimletea mkono wa roboti wenye ngozi laini afanyie mazoezi.

"Mwanangu," mzee alimwambia akiugeuza geuza ule mkono, "huu haukunji uso."

Basi ukaondolewa, na wakaletwa watu. Mle chumbani wagonjwa na washauri walikanda unga wa chapati katika beseni moja, wakapokezana, wakapeana mikono wakiingia na wakitoka. Siku ya kwanza mzee alikanda kwa ncha za vidole. Siku ya pili yule kijana aliyeacha ugolikipa alimwambia kwamba kwa mwendo huo chapati zitaiva mwakani, wote wakacheka, naye akatumbukiza mikono yote miwili. Jioni yake alimweleza Bi Saumu habari ya leso. Bi Saumu aliishika mikono ya mumewe akaiweka mashavuni mwake, na mzee hakuivuta.

*

Ijumaa baada ya sala, mkeka ulitandikwa chini ya turubai. Tunu alikaa na wanawake dirishani, Shani akiwa katikati yao amefunikwa kanga, macho yake yote nje. Athumani alikuwa amekaa tayari mbele ya Idrisa. Sheikh aliuliza ni nani anayeoza.

"Mimi," alisema Mzee Mbwana kutoka nyuma.

Athumani aliruka kumpisha kwa furaha hata kofia ikamdondoka. Mzee akakaa. Mikono ya shati lake ilikuwa imekunjwa hadi kwenye viwiko, lakini jasho lilikuwa linamtiririka, na kiganja kilimlowa. Akatoa leso mfukoni ajifute. Ikabaki pale kiganjani, nyeupe, baina yake na kijana, na Bi Saumu dirishani akaikumbuka leso ya baba yake.

Idrisa aliitazama ile leso. Hakujua lolote. Aliona tu kwamba mkwe wake ana jasho na ameelemewa, akaitoa leso ile taratibu mkononi mwake, akaiweka pembeni mkekani, akaushika mkono wa mzee kwa nguvu, kiganja kwa kiganja. Uso wake ulikuwa wa kijana mwenye hofu ya kukosea maneno, na si zaidi ya hapo.

"Nimekuoza binti yangu Shani," alisema Mzee Mbwana. Sauti ilimkatika, akaanza upya, na safari hii iliwafikia hata waliokuwa barabarani.

"Nimekubali kumwoa," alijibu Idrisa, na wakaendelea kushikana ilhali maneno yalikwisha malizika, mpaka sheikh akakohoa.

Masinia yakatoka. Bi Saumu, kwa mazoea ya miaka, alijikuta amefika chini ya turubai na ile sahani ya bluu. Akasimama hajui aiweke wapi. Mzee Mbwana, aliyekuwa ameinama juu ya sinia baina ya Athumani na Idrisa, alinyoosha mkono akaipokea, akaiweka katikati yao, akatupia humo mfupa wa kwanza wa kuku.

"Imepata kazi," alisema, na wenzake wakaanza kutupia yao.

Wiki iliyofuata alirudi kituoni. Pimangozi ilimsoma, ikaandika namba yake, na kwa mara ya kwanza Tunu hakuitazama. Alisimama nyuma ya mlango wa chumba cha Pimamaisha akasikiliza.

"Shikamoo, babu. Habari za nyumbani?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri. Namshukuru Mungu."

"Nami namshukuru pamoja nawe," ilisema Pimamaisha, ikanyamaza kama ilivyofundishwa. Ikangoja. Nje ndege walilia, mtu akaburuta kiti ukumbini, na mashine bado ikangoja.

"Kaa tu," alisema mzee kwa upole. "Leo sina la kuongeza."